Zizi Lisilohama

Lomorukai alikuwa fundi wa kujenga mitambo ya bayogesi, na Lodwar nzima hakuna aliyemshinda katika kazi hiyo, kwa sababu hakukuwa na mwingine aliyeifanya. Alijifunzia Kitale, kwa wakulima wanaofuga ng'ombe wawili watatu bandani na kuwapelekea majani mdomoni kama wagonjwa. Huko alichimba mashimo, akajenga makuba ya matofali chini ya ardhi, akaona kwa macho yake samadi ikigeuka moto wa buluu jikoni. Yeye, mtoto wa wafugaji, aliyekua akikanyaga mavi ya mifugo bila kuyafikiria hata kidogo! Jambo hilo lilimwingia kichwani likakataa kutoka. Alirudi nyumbani na mfuko wa vifaa, kofia ngumu ya manjano, na imani ambayo hata mapadri wangeionea wivu.

Imani hiyo haikumlisha. Watu wa Lodwar walimsikiliza, wakacheka, wakaenda zao kununua makaa. Ikabidi ajenge vyoo na kupiga plasta madukani, huku akimhubiria kila aliyesimama karibu na karai lake la mchanga. Wenzake walimbandika jina la Baba Gesi, na hawakuwa wanamsifu.

Kisha likaja shirika moja, likafungua ofisi nyuma ya soko, likasema linataka kujua kama mitambo ya nyumbani inafaa katika boma za watu wanaofuga na kulima mtama, kuanzia mashamba ya mto Turkwel mpaka Kakuma. Wangejenga michache ya majaribio, wangoje msimu upite, halafu mhandisi wao aitwaye Jessica azunguke kuamua. Ikionekana inafaa, boma nyingi zingejengewa, na fundi mkuu angekuwa Lomorukai. Ikionekana haifai, basi, arudi kwenye vyoo vyake. Upande wa Kakuma walimwachia yeye achague boma la kujaribia, naye hakujiuliza mara mbili. Alichagua kwa dada yake.

Dada yake, Akaale, alikuwa mjane aliyeishi ng'ambo ya laga ya Tarach, mto mkavu unaopata maji ya mvua tu, mwendo wa asubuhi moja kutoka kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Mumewe alimwachia zizi lililojaa mbuzi, binti mmoja aitwaye Nakeno, na kipande cha shamba la mtama kando ya laga, ambacho kilizaa pale maji yalipokumbuka kupita. Lakini mbuzi ndio waliokuwa kila kitu. Maziwa yao yalinywewa nyumbani, na yaliyobaki Akaale aliyapeleka kambini kwa Nyaduoth, mwanamke wa Sudan Kusini mwenye kibanda cha chai, wakabadilishana kwa unga na sukari. Ukija ugonjwa au msiba, mbuzi mmoja alishikwa sikio akaenda sokoni. Mwanamke asiye na mbuzi kule ng'ambo ya Tarach hana la kufanya ila kuchoma makaa au kukaa akingoja mgao wa chakula.

Akaale alimbeba Lomorukai mgongoni alipokuwa mtoto, na moyoni hakuwahi kumshusha. Mdogo wake alipofika na mpango wake wa tangi, hakuelewa nusu ya maneno, ila alielewa kwamba anahitajiwa.

"Utapika bila kuni," Lomorukai alimwambia.

"Nitapika kwa jua?" Akaale akauliza, wakacheka wote wawili.

Kazi ilianza. Lomorukai alichimba, akajenga kuba lake, akaweka beseni la kuchanganyia juu na bomba la kwenda jikoni. Mavi ya mbuzi ni makavu kama maharagwe, huelea na kuziba bomba, kwa hiyo alimfundisha dada yake kuyaloweka na kuyaponda kwa mchi kabla ya kuyamwaga ndani. Akaale aliponda huku akisema kwamba amewahi kumtwangia mume mtama, lakini mavi, hapana, hii ni heshima mpya. Maji ya kulowekea aliyachota kwenye kisima cha kuchimbwa kwa mikono katikati ya laga. Ulikuwa mzigo, lakini alikuwa mama mwenye mgongo wa kazi na hakulalamika.

Siku gesi ilipowaka, majirani walijaa. Nyaduoth naye alikuja kutoka kambini, akasimama mlangoni mikono kiunoni. Lomorukai alifungua koki, akawasha kiberiti, na moto wa buluu ukazunguka jiko ukilia taratibu.

"Moshi uko wapi?" Akaale akauliza.

"Hakuna moshi."

"Basi huu si moto." Akasogeza kidole, kikaungua, akacheka mpaka akakaa chini. Nyaduoth akasema, "Mama Nakeno, sasa wewe iko kama mama ya Nairobi. Sisi tutakuja kuomba kazi kwako."

Sitaki kumdanganya mtu: kitu kile kilikuwa kizuri. Macho ya Akaale, yaliyokuwa mekundu tangu ujana wake, yalianza kupoa. Kikohozi cha alfajiri kilikwisha. Nakeno hakwenda tena kuchomwa na miiba ya mathenge akitafuta kuni na kugombana na wanawake wengine kwa matawi. Laiti mtambo ungekataa kuwaka tangu siku ya kwanza, wangeutukana, wakausahau, na mbuzi wangepona.

Kasoro haikuwa kwenye tangi. Ilikuwa kwenye zizi. Kwa Waturkana—

Hebu nianze vizuri, maana jambo lenyewe kila mtoto wa Turkana analijua kabla hajaota meno yote. Kwao zizi ni miiba iliyozungushwa. Mbuzi wanalala humo, mavi yanarundikana, na yakishakuwa mengi kupe wanaanza kutambaa na mifugo inaanza kupiga chafya. Hapo hakuna anayetafuta koleo la kusafishia. Zizi linaachwa. Watu wanakata miiba mipya, wanaweka zizi jingine mbele kidogo, au wanahama kabisa. Mavi yakijaa, ni wakati wa kuondoka. Mtambo nao unataka kinyume chake: mavi yakae mahali pamoja, yawe karibu na beseni, na mbuzi wakae na mavi yao.

Kwa hiyo Lomorukai alijenga zizi la namna ya Kitale. Lilikuwa na ukuta wa mawe na sakafu ya saruji yenye mteremko, dogo ili mavi yasitawanyike. Lilipendeza sana. Jioni ya kwanza mbuzi walipoingizwa, walibanana ubavu kwa ubavu, kila mmoja akivuta pumzi ya mwenzake, na Lomorukai akasimama ukutani akiwatazama. Alimkumbuka baba yao akiwafokea vijana waliozembea kuhamisha zizi: "Mtaniulia mbuzi kwa pumzi zao wenyewe!" Aliisikia sauti ile wazi kabisa. Kisha akajiambia kwamba mzee hakuwahi kuona saruji, akaokota vifaa vyake, akaenda kunywa chai.

Mvua haikunyesha. Mtama ulichomoza, ukatazama jua, ukalala. Majani kando ya Tarach yaliisha, na Lomenen, shemeji yake Akaale, akaja kusema kwamba jamaa wote wanapeleka mifugo upande wa milima ya Pelekech na kuendelea mbele kama itabidi. Alimtaka Akaale atoe mbuzi wake waende na wengine, wabaki wachache wa kukamuliwa, kama ilivyo kila kiangazi. Alilitazama zizi la saruji muda mrefu bila kuingia.

"Na hili?" akauliza.

"La gesi," Akaale akasema.

"Haya," Lomenen akasema, kwa namna ya mtu anayekataa kugombana na mjane wa nduguye.

Habari zikamfikia Lomorukai Lodwar, akapanda boda boda siku hiyo hiyo. Mbuzi wakienda Pelekech, mavi yanakwenda nao. Tangi litalala na njaa, moto utazimika, na Jessica alikuwa njiani kuja. Angekuta koki kavu na kuandika kwamba haifai. Jasho jembamba lilimtoka fundi wetu njia nzima, wala halikuwa la jua.

"Dada, wabakishe," alimwomba. "Mpaka mkaguzi apite tu. Akishapita, wapeleke unakotaka."

"Zizi limeshakuwa la zamani, ndugu yangu. Wanalala vibaya. Nasikia wanakohoa."

"Osha sakafu."

"Kwa maji gani? Yale ninayowanyima wao ili ninyweshe tangi lako?"

Lomorukai akainamisha kichwa, akaivua ile kofia yake ya manjano na kuishika magotini, na Akaale alipomwona hivyo roho yake ikayeyuka. Hakuwa mjinga, alijua anachokifanya. Alikuwa na mbuzi na alikuwa na ndugu, na siku hiyo akamchagua ndugu.

"Apite upesi basi," akasema.

Jamaa wakahama, boma jirani zikabaki majivu na mawe ya jikoni. Mkaguzi akachelewa, kama kawaida ya watu wa ofisi. Kikohozi kikaenea zizini. Ilikuwa homa ya mapafu ya mbuzi, ile wanayoiita loukoi, na ikiingia mahali walipobanana haibishi hodi kwa kila mmoja. Mbuzi husimama amepanua miguu ya mbele, shingo ameinyoosha, anatafuta hewa. Nakeno alikuwa akiwashika mmoja mmoja kifuani akihisi mapafu yanavyokoroma, akimtazama mama yake. Wa kwanza walipokufa, mavi yakapungua, moto ukaanza kunyong'onyea. Lomorukai akafanya jambo ambalo mpaka leo humwamsha usiku: alikwenda soko la mifugo la Kakuma, akajaza magunia mavi ya mbuzi wa watu wengine, akayaleta kwa boda boda kulisha tangi. Mwenye boda boda alicheka njia nzima. Fedha za dawa ya mbuzi hakuwa nazo, ila za kubeba mavi zilipatikana.

Jessica alifika asubuhi, kwenye gari la shirika, akiwa na viatu vya vumbi na adabu nzuri. Alikuwa mtu wa haki. Nalisema hili kwa sababu wapo watakaotafuta mtu wa kulaumu. Lomorukai alikuwa amemwambia Nakeno awapeleke mbuzi waliobaki mbali, ng'ambo ya laga, wale wanaoweza kutembea. Wasioweza walilazwa nyuma ya kibanda na kufunikwa turubai. Jikoni moto wa buluu uliwaka vizuri kuliko siku zote.

"Ejok, mama," Jessica akasalimu, maana neno hilo alikuwa amejifunza. "Mtambo unakusaidia?"

"Ejok. Moshi hakuna," Akaale akasema kwa Kiswahili chake. "Macho napona. Kuni mimi natafuta hapana."

"Na mbuzi wako wapi?"

"Wako malisho, madam," Lomorukai akadakia.

Jessica akazunguka. Akapima moto, akachungulia beseni, akaingia katika lile zizi safi lililokuwa limesuguliwa kwa maji ya kunywa. Akasimama pale katikati, akageuka.

"Kiangazi kikizidi, huwa mnahama? Mnahamisha boma?"

"Hapana, madam," Lomorukai akasema. "Huyu ametulia kabisa."

"Nimemuuliza mama."

Nyuma ya kibanda kitu kilikohoa, kikohozi kidogo cha kukauka, na Lomorukai akakohoa naye kwa nguvu ili kukifunika. Akaale alimtazama mdogo wake: kofia, jasho, mikono iliyokuwa ikijipangusa kwenye suruali bila sababu. Kwao mwanamke hamvui nguo ndugu yake mbele ya wageni. Anamsitiri kwanza, mengine watayamaliza nyumbani.

"Sisi nakaa hapa tu," akasema. "Mbuzi iko sawa."

Jessica akaandika, akashukuru, akaondoka. Vumbi la gari halijatulia, Akaale akaenda nyuma ya kibanda na kuinua turubai. Wawili walikuwa wamekufa chini yake, vichwa vimeelekea upande wenye hewa.

Waliobaki waliisha haraka, ila wawili. Nyaduoth alipoona maziwa hayaji, alitembea mwenyewe mpaka kule na mfuko wa unga kichwani. "Maziwa iko wapi, mama Nakeno?" akauliza, kisha akaona rundo la mizoga iliyokuwa ikichomwa, akauweka unga chini polepole. Alikuwa ameacha ng'ombe wa baba yake wakichukuliwa na watu wenye bunduki kwao, hakuhitaji kuelezwa. Akakaa na Akaale mpaka jua lilipokuwa kali, akarudi kambini. Unga aliuacha.

Wiki hizo ndipo simu ilipomwita Lomorukai ofisini. Mitambo inafaa, wakamwambia, ya mashamba ya Turkwel na ya Kakuma. Aandae mafundi. Vijana wa mjini waliokuwa wakimwita Baba Gesi sasa walimwita mzee, wakamnunulia soda. Aliishika ile soda bila kuinywa. Mazizi mangapi ya saruji angejenga kule? Boma ngapi za watu ambao kwao zizi likijaa huhamishwa, na sasa wangelipishwa kwa kukaa? Alizunguka mjini siku nzima akijikuna kichwa, akapita mbele ya ofisi, akarudi, akapita tena. Mwishowe akapiga moyo konde akapanda ngazi.

Alimweleza Jessica yote, akiwa amesimama. Magunia, turubai, kikohozi. Jessica alimsikiliza kalamu ikiwa mkononi, na uso wake ukawa unazeeka kadiri alivyosikiliza.

"Nilimuuliza mama mwenyewe," akasema mwishowe. "Lomorukai, nilimuuliza."

"Alinifichia aibu, madam."

"Siku ile ungeniambia, daktari wa mifugo angekuja nami kesho yake. Dawa ya hiyo homa iko. Iko hapo chini, kwenye friji ya ofisi ya jirani. Imekuwepo wakati wote."

Lomorukai alishika kiti, lakini hakukaa. Jessica alisema ataandika upya: labda kando ya mto, kwa wenye ng'ombe wasiohama na maji ya mfereji, inafaa; kwa wanaofuata malisho, haifai, na zizi la namna ile lisijengwe tena popote. Ya mtoni itajengwa na fundi mwingine. Hakupandisha sauti. Lomorukai aliteremka ngazi, akaipita friji ile ikinguruma nyuma ya mlango uliokuwa wazi, akatoka juani. Hakuna aliyemnunulia soda siku hiyo.

Alikwenda Kakuma. Njiani alikuwa na kitu kidogo kama nafuu, lazima tukubali. Mtu akisema kweli baada ya uongo mrefu hutembea mwepesi kidogo, hata kama hastahili. Alitumaini dada yake atamwona ametua mzigo. Alimkuta jikoni. Akaale alimkaribisha, akafungua koki, akawasha. Tangi lilikuwa bado na mabaki tumboni, na moto wa buluu ukazunguka, mdogo, bila moshi. Hakuweka sufuria. Hakukuwa na cha kuweka. Wakakaa wawili wakiutazama.

"Nimemwambia Jessica ukweli," Lomorukai akasema. "Hawatajenga tena hayo mazizi."

"Vizuri. Mbuzi wa watu watapona."

"Nimenyang'anywa kazi."

"Pole."

Alisema pole ya kweli, na hiyo ndiyo iliyomuumiza zaidi. Moto ukapungua, ukarukaruka, ukazimika wenyewe. Akaale akafunga koki kwa uangalifu, kama alivyofundishwa.

"Nataka kukuuliza kitu kimoja," akasema, "nami nitakuamini utakavyojibu. Ulikaa mjini miaka mingi. Pengine mambo ya kwetu yalikutoka kichwani. Hili la kuhamisha zizi, ulikuwa umelisahau?"

Alikuwa anamfungulia mlango. Lomorukai aliuona mlango huo, mpana, na dada yake amesimama pembeni akimngoja apite. Neno moja tu, na angekuwa mdogo wake tena, yule wa mgongoni. Aliikumbuka sauti ya baba yao jioni ile ya kwanza.

"Nilijua," akasema.

Akaale akaitikia kwa kichwa. Akainuka, akatoa panga lililochomekwa kwenye paa, akampa.

"Mbuzi wawili wamebaki. Hawalali tena kwenye jiwe lako. Nikatie miiba."

Alikata mpaka viganja vya fundi, vilivyozoea mwiko, vikachubuka na kutoka damu. Akaale alitangulia na fimbo, akichora mchangani mahali zizi jipya litakapopita, mbali na kuba na beseni. Alichora akaenda, akaenda, duara likawa pana.

"Dada," Lomorukai akasema, "wawili hawahitaji zizi la ukubwa huu."

"Ndiyo nilivyozoea kuchora," Akaale akasema bila kusimama. "Jenga."

Akajenga. Jua lilipoinama Nakeno akawaleta wale mbuzi wawili, wakaingia, wakasimama karibu na mwanya bila kusogea ndani. Lomorukai aliinua tawi la miiba ili afunge. Akaale akaweka mkono, akamzuia, kama alivyofanya kila jioni ya maisha yake, kuwangoja walio nyuma waingie.

Alisimama hivyo kitambo, akiitazama njia. Kisha akaondoa mkono, na ndugu yake akafunga.